Karwirwa na Picha Zisizo na Mtu

"Nani alikutuma uinue hicho kioo? Mama Njuki, nakuuliza, nani? Kilikuwa kimebakisha nusu saa, nusu saa tu, lakini mkono wako hauwezi kupita mahali bila kupangusa!"

Karwirwa alikuwa amesimama mlangoni mwa studio yake ya picha, Siakago, kioo mkono mmoja, karatasi mkono wa pili. Mbele yake Nelius, ndiye Mama Njuki, dada ya marehemu mume wake, bado alikuwa ameshika kitambaa cha vumbi. Wateja wa duka la mbolea lililo ng'ambo ya barabara walikuwa wameacha kununua mbolea.

"Nimepangusa taka," Nelius akasema. "Ganda la kitunguu, juu ya karatasi, dirishani. Kama hiyo si taka ni nini?"

"Ni picha."

"Picha! Haiya, watu wa Siakago, njooni muone picha. Mwaka mzima mke wa ndugu yangu anapiga vitunguu picha, na wenye kutaka picha ya kipande wanavuka barabara kwenda kupigwa na simu. Nyinyi watu wa Meru mna hasira ya bure. Kasirikia njaa, Mama Sheila, usinikasirikie mimi."

Karwirwa hakuwa amekasirika. Hilo ndilo Nelius asingelielewa hata angeelezwa kwa Kimbeere chake. Maneno yalitoka kwa sababu mdomo ulijua kazi yake. Nyuma ya mdomo hapakuwa na kitu. Kukaa hivyo alikuwa amezoea, kama mtu anavyozoea jino lililokufa: haliumi, halitafuni, lipo tu.

"Jumamosi ni ibada ya mwaka ya ndugu yangu," Nelius akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo mbaya. "Baada ya chakula wazee watataka jibu. Ploti ni ya baba yetu, wewe unajua. Kuna mtu wa Runyenjes anataka hiki chumba auze simu. Ama upige watu picha kama ndugu yangu alivyokuwa akipiga, ama utoe funguo."

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Funguo."

Nelius akatupa kitambaa kwenye benchi na kwenda zake, akisalimia kila mtu njiani kana kwamba anatoka kanisani.

Karwirwa alizaliwa Mitunguu, kwenye migomba na mifereji, akaishia darasa la nane kwa sababu karo ya sekondari ilikwenda kwa kaka yake, ambaye naye hakuimaliza. Muchangi alimkuta sokoni. Alikuwa ametoka Siakago na kamera na shuka nyeupe, anapiga watu picha za kipande, za kitambulisho, shuka imetundikwa kati ya mikungu miwili ya ndizi. Alimwambia Karwirwa ainue kidevu. Karwirwa akamwambia yeye ashushe bei. Muchangi alikuwa mrefu mno, mtu wa maneno machache. Akashusha bei, na baada ya miezi saba akarudi na wazee.

Kazi waligawana. Muchangi alikaa chumba cha giza na madawa yake, Karwirwa akakaa mbele na watu. Ni yeye aliyejua kumfanya mzee wa Kiritiri aache kukodoa macho, na mtoto aache kulia bila kupewa peremende. "Pumua. Sasa usipumue. Basi." Zilipokuja kamera za kadi, chumba cha giza kikawa stoo, lakini Muchangi hakutupa karatasi zake za picha nyeusi na nyeupe. Pakiti tano, juu ya rafu, zimefungwa kwa karatasi nyeusi. Ukimuuliza ni za nini, anasema hazili chakula.

Presha ilimwangusha humo humo stoo, siku ya soko, kabla ya saa sita.

Sasa, mazishi ya huku kila mtu anayajua. Kabla jeneza halijashushwa, mshereheshaji anashika orodha na kuita watu kwa makundi waje kupigwa picha: ndugu wa marehemu, wakwe, akina mama wa kanisa, wenye ploti, wanachama wa ushirika wa muguka, yale majani ya kutafuna. Mwaka baada ya mwaka aliyepiga picha hizo Mbeere nzima alikuwa Muchangi, na akiwa na kazi mbili siku moja, Karwirwa. Siku ya Muchangi mwenyewe mpiga picha aliyeitwa kutoka Embu hakufika, pikipiki ilimwangusha njiani. Watu wakasimama wanatazamana. Karwirwa akafungua mkoba, akatoa kamera.

Hakufikiria. Aliona makundi yamesimama vibaya, jua liko nyuma yao, akayageuza. "Wakwe, songeni. Mzee, toa kofia." Mshereheshaji akaita, "Mjane na watoto." Sheila na Munyi wakaja, wakasimama kichwani mwa jeneza. Karwirwa akawapanga, akawaambia waache nafasi katikati, ya mama. Wakaiacha. Akaangalia kwenye kioo cha kamera, akaona wamekaa sawa, akapiga. Kisha akaita, "Kundi lingine."

Watu waliguna. Tangu hapo kuna wanaosema yule mwanamke hakulia kwa sababu alikuwa anahesabu picha. Kamera akaifungia kwenye droo na kadi yake ndani, na hakumpiga mtu picha tena. Akija mteja anaambiwa mashine imeharibika.

Siku ya pili baada ya mazishi alikuwa anatafuta cheti cha ubatizo cha Muchangi, akafungua pakiti moja kwenye mwanga. Ukifungua karatasi zile kwenye mwanga umeziua. Hilo hata yeye alilijua. Akaiacha moja dirishani, kiberiti kikiwa juu yake. Jioni alipoinua kiberiti, karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau kama ulimi wa aliyekula zambarau mbivu, na pale kilipokuwa kiberiti pamebaki peupe, pembe nne, safi. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote wiki ile. Kesho yake akaweka jani la muguka.

Basi ikawa hivyo. Kila siku karatasi moja, kitu kimoja, kioo juu, saa mbili juani. Kamera hakuna, dawa hakuna. Aliweka kitana, kamba ya mbuzi, unyoya, uzi wa kushonea, maganda ya njugu, miwani ya Muchangi. Siku za mawingu rangi ilitoka ya kahawia, siku za jua kali ikaungua kama shaba. Alijaribu kulowesha karatasi kwa maji ya chumvi, akajaribu kuipaka ndimu. Nyingine zilitoka mbaya, nazo akaziweka. Kwa kuwa hakuwa na dawa ya kuzishika, picha hizo ukizitoa kwenye mwanga zinaendelea kuungua mpaka ziwe giza tupu. Kwa hiyo akizimaliza alizitia kwenye sanduku la bati na kufunga. Hata Sheila, aliyekuja kutoka chuo cha uuguzi akamwomba, hakuonyeshwa. Hazikumfurahisha wala kumhuzunisha. Ilikuwa tu kwamba siku ikiwa na karatasi, siku hiyo ilikuwa na mahali pa kuanzia.

Alhamisi, siku mbili kabla ya ibada, gari la Bulle likasimama mbele ya studio. Bulle ni Msomali wa Maua, msafirishaji, hupita Siakago mara tatu kwa wiki kuchukua muguka. Siku hiyo hakuwa peke yake. Kiti cha mbele alikaa mama yake, Khadra, aliyekuwa ametoka kupimwa macho Embu. Alimshusha pole pole, akamwingiza ndani, akamketisha kwenye kiti kilicho mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji.

"Habari za siku, mama," Bulle akasema. "Mama yangu ameomba kupumzika kidogo. Jua ni kali."

"Mwongo," Khadra akasema. "Nimekuja kudai. Wewe ndiye mke wa yule mrefu?"

"Ndiye mimi."

"Mume wako alichukua mia sita ya mwanangu. Akasema atapanda Maua anipige picha ya ukuta. Nikavaa, nikakaa. Mpaka leo nimekaa."

Bulle akainamisha kichwa. "Hooyo, mama yangu, tuliongea. Mtu alikufa. Tulisamehe."

"Wewe ulisamehe. Mimi niliulizwa?"

Karwirwa hakuwa amejua habari ya deni hilo. Kwa mwaka mzima yule mtu alikuwa amepita nje na gari lake, akapunga mkono, asiseme. Akafungua kibeti, akahesabu mia sita juu ya meza. Zilikuwa karibu zote alizokuwa nazo.

"Hizo za nini?" Khadra akauliza, akisikia noti.

"Pesa yenu."

"Mimi pesa nitaitundika ukutani? Daktari amesema haya macho yana mwaka mmoja, labda. Nataka kuuona uso wangu ningali nauona. Nipige."

"Mimi siku hizi sipigi watu, nyanya."

"Unapiga nini?"

"Majani. Vitu."

"Majani yalikulipa?"

Bulle akageuka ukutani kuficha kicheko. Karwirwa mwenyewe akahisi mdomo ukitaka kufanya jambo ambalo hakulitambua, kisha ukaacha.

"Nionyeshe basi hizo za majani."

"Haziangaliwi. Mwanga unaziharibu."

"Picha za kutoangaliwa!" Khadra akapiga goti lake. "Bulle, umesikia? Huyu ni kama mtu anayepika akamwaga."

Karwirwa akasimama hapo. Angeweza kusema mashine imeharibika. Alilitafuta neno hilo, akalipata, likamlalia kinywani kama uji uliopoa. Badala yake akaenda kwenye droo. Kamera ilikuwa imekufa, betri haina hata chembe ya moto.

"Itachukua saa nzima kuchaji," akasema.

"Nimengoja mwaka. Lete chai."

Bulle alienda kuangalia mzigo wake. Chai ililetwa kutoka hoteli ya jirani. Karatasi ya siku ile ilikuwa bado haijawekwa kitu, iko kwenye trei karibu na mlango, imefunikwa kwa karatasi nyeusi, na jua lilikuwa limefika kwenye mguu wa kiti cha mgeni. Karwirwa akavuta kimeza, akaiweka karatasi juu yake.

"Weka mkono hapa. Usiusogeze."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unanidai, na mimi nina kazi ya leo."

Khadra akaweka mkono, vidole vimepanuka, pete moja. Akanywa chai kwa mkono wa pili. Hakuusogeza hata nzi alipotua juu yake. Akazungumza juu ya Maua, bei ya maziwa, wajukuu, na Nurto, mke wa Bulle, asiyejua kukanda unga. Karwirwa aliitikia "ee" na "kumbe". Alipoambiwa ainue, chini palikuwa na mkono mweupe kwenye zambarau, vidole vitano, na mahali pa pete mstari mwembamba. Khadra aliisogeza karatasi usoni, akaiangalia kwa pembe ya jicho lililobaki na nuru kidogo.

"Huo ni mkono," akasema. "Nilisema uso."

Kamera ikawaka. Kabla ya kitu kingine ikaonyesha picha zilizokuwa humo: makundi, jeneza, kofia. Karwirwa akabonyeza kurudi nyuma mpaka akafika kwa watoto wake wawili na ile nafasi katikati yao. Akaiangalia. Mwanga ulikuwa mzuri. Sheila alikuwa amenyoosha mkono kidogo pembeni, kama anayemshika mtu kiunoni, na hapakuwa na mtu. Karwirwa alingoja aone kama kitakuja kitu. Hakikuja. Akabonyeza kwenda mbele.

"Kidevu juu, nyanya. Kidogo. Hapana, umezidi, unaonekana chifu."

"Chifu ni mimi."

"Lete bega la kushoto. Funga mdomo."

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Nelius aliingia na mtu wa Runyenjes aliyeshika futi ya kupimia, anamwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka kabati la vioo.

"Mama Sheila, usijali, tunapima tu. Jumamosi si ni kesho kutwa..."

"Subirini nje," Karwirwa akasema bila kutoa jicho kwenye kamera. "Mnanizibia mwanga. Nina mteja."

 Nelius akamwangalia mwanamke aliyeketi, akaiangalia kamera. Mtu wa Runyenjes ndiye aliyerudi nyuma kwanza. Mlango ukafungwa, na nje Nelius akasikika akimwambia, "Weka hiyo futi mfukoni."

"Pumua," Karwirwa akasema. "Sasa usipumue. Basi."

Printa ilikohoa kwanza, wino wake ulikuwa umekauka. Karatasi mbili zikatoka na mistari. Ya tatu ikatoka safi. Bulle alikuwa amerudi, akataka kuipokea, lakini mama yake alishanyoosha mikono. Akaileta picha mpaka ikamgusa pua, akaipitisha polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Nimezeeka."

"Umezeeka," Karwirwa akakubali.

"Ulishindwa kunipunguza?"

"Hukulipia hiyo."

Khadra akacheka mpaka akakohoa. Akazisukuma zile noti zilizokuwa bado juu ya meza, zikarudi upande wa Karwirwa.

"Basi hatudaiani," akasema, akanyoosha mkono ili ainuliwe. Karwirwa akaushika, akamwinua.