Vichupa Sitini kwenye Friza ya Bi Siti

Bi Siti wa Kariakoo hakuwa mtu wa kuchungulia mambo ya watu, ila mambo yenyewe yakikaa ndani ya friza yake, afanyeje? Friza hiyo ilitoka Dubai, biashara iliporuhusiwa na maduka yakajaa vitu, na barafu zake za ubuyu ndizo zilizosomesha wanawe. Nyumba ilikuwa laini moja ya umeme na zahanati, hivyo hata siku za mgao haukukatika. Ndiyo maana mpangaji wake Josepha, msichana wa chuo kikuu, aliomba kona ya kuwekea boksi.

"Mna nini humo, mwanangu?"

"Sampuli za chuo tu, mama."

Hilo "tu" lilimkera. Sampuli gani zinashikwa kwa glavu na kufungwa gundi mara mbili? Alishuku dawa za kulevya, akashuku viungo vya watu. Wateja wakijua, biashara imekwisha.

Josepha aliposafiri, uzalendo ukamshinda Bi Siti. Akabandua gundi. Vichupa sitini, kila kimoja na namba ya wino, na karatasi juu: kinyesi cha mbwa mwitu, Mikumi.

Mbwa, ubavuni mwa barafu za watu! Barafu zote akamwaga. Friza akaiosha mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa madrasa kuondoa najisi ya mbwa. Vichupa hakuvitupa, maana amana ya mtu haitupwi. Navyo akavisugua kimoja kimoja, mara saba, akavirudisha vinang'aa.

Josepha aliporudi akavigeuza kimoja kimoja. Hakukuwa na namba hata moja.

"Mbona hukuniambia ni mbwa?" Bi Siti akamuwahi.

"Ungekataa, mama."

"Ningekataa. Lakini wewe msomi, si utavitambua?"

"Njia ya kuvitambua ndiyo niliyokuwa naitafuta, mama. Alama ndani ya vinasaba, za kumtofautisha mbwa mmoja na mwenzake bila kumkamata. Mbwa wa vichupa hivi niliwaona kwa macho, kila mmoja nikampa namba yake. Kwa hao ndipo ningejua kama alama zangu zinasema kweli. Sasa sina pa kuhakikishia."

Mwisho wa mwezi Josepha alihama na boksi lake, bila ugomvi. Bi Siti akabaki na friza safi kuliko zote Kariakoo, na kila akiifungua anaona haya.