Futari ya Siku ya Musa

Katika chumba chetu cha Industrial Area, mtaa wa vibarua wa kigeni katika nchi ya Waarabu, tulilala sita: Waislamu watano na Mkenya mmoja Mkristo, mlinzi kama mimi. Sufuria ilikuwa moja. Nimehama miji mingi tangu nimalize sekondari, lakini sufuria ile bado naikumbuka kwa hamu, na kwa kinyaa pia.

Siku ya Ashura Mkenya alikuwa ofu, hana zamu. Kabla ya alfajiri alitukuta tunakula daku, akashangaa.

"Si Ramadhani iliisha?"

Nikamweleza kwamba Mtume alipohamia Madina aliwakuta Mayahudi wamefunga, akawauliza sababu. Wakamwambia ndiyo siku ambayo Mungu alimwokoa Musa na Firauni. Naye akafunga, akaamuru watu wake wafunge.

"Kumbe ni ya Musa? Huyo hata mimi namjua, bro. Basi leo nawapikia."

Jioni tulishuka kwenye basi la kampuni midomo imekauka. Mlangoni tukapokewa na harufu ya nazi. Alikuwa amepika viazi vitamu, sufuria imejaa, na sahani sita zimepangwa juu ya gazeti sakafuni.

Mkubwa wa chumba, Mtanzania mwenzangu tuliyemwita ustadhi, hakuketi. "Nani kapika?"

"Ni mimi, mzee."

"Futari haipikwi na mkono wa kafiri."

Akabeba sufuria hadi choo cha korido, akamwaga yote. Wale wengine watatu wakatazama simu zao.

"Ustadhi," nikamwambia, "saumu yenyewe tuliikuta kwa Mayahudi."

"Usinifundishe dini, mlinda geti wewe."

Adhana ikatoka. Kazi ya ustadhi ilikuwa kuondoa vyombo mezani katika mgahawa mmoja kule The Pearl, mtaa wa matajiri, na kila siku alirudi na mabaki ya wateja. Akafungua begi, akatoa paja la kuku lenye alama za meno, mafuta yameganda meupe. Akapiga bismillahi, akatafuna mpaka mfupa. Hakuuliza limepikwa na nani, wala meno yale ni ya nani.

Mkenya alikwenda kuichukua sufuria chooni, akaiosha mara mbili, akairudisha mahali pake. Kisha akaanza kukunja godoro.

"Wacha nihamie kwa wale Waganda wa chumba cha pili," akaniambia. "Wao hata nikipika vibaya watanitukana, lakini watakula."

Nikanywa maji, nikashika ncha ya pili ya godoro. Usiku ule nilifuturu matoke ya Waganda, yamepoa na hayana chumvi. Kwenye sufuria ya ustadhi sikula tena.