Mguu Uliopoa Leparua

Shida ilinianza mwaka wa 2019, nikiwa na miaka sitini na sita ya kitambulisho. Mama yangu alisema nilizaliwa mapema kuliko hapo, lakini aliyeandika ni karani, si mama. Siku hiyo nilikuwa naswaga mbuzi kutoka Kulamawe kuja soko la Isiolo, kazi niliyoianza nikiwa kijana asiye na hata blanketi. Nyama ya nyuma ya mguu wa kushoto ikakaza kama kamba. Nikasimama, maumivu yakaisha. Nikatembea, yakarudi. Mbuzi wakaendelea mbele, mimi nimebaki kando ya barabara kama nguzo ya stima. Mbuzi hawakuwa wamewahi kuniacha.

Nilisoma mpaka darasa la pili, na sikuona haja ya la tatu. Lakini mbuzi nawajua. Ukimfunga mbuzi kamba mguuni ukakaza sana, mguu unapoa, halafu unakufa, na mbuzi mwenyewe bado yuko hai anakutazama. Kwa hiyo daktari wa Nairobi, mama mmoja mpole, aliponiambia mshipa wa damu umeziba pajani, nilielewa kabla hajamaliza.

"Umetumia tumbaku miaka mingapi, mzee wangu?"

"Tangu nipate meno."

Mimi na tumbaku tuliachana siku hiyo. Sijaigusa tena, na wanaosema haiwezekani ni wavivu.

Walichukua mshipa kutoka mguu wa kulia wakaushona kwenye wa kushoto, damu izunguke pale palipoziba, kama vile mtu huchimba mfereji wa kando. Mshipa huo mpya ulipita nyuma ya goti. Nikapewa vidonge vya kufanya damu iwe nyepesi. Nikipiga mswaki, natema damu. Nikigonga mkono mlangoni, panakuwa peusi wiki nzima. Hayo sikuyaita shida. Daktari alisisitiza jambo moja: "Goti hili usilikunje kwa muda mrefu. Usichuchumae. Kaa kwenye kiti cha kawaida."

Sasa, sisi Waturkana mwanamume ana ekicholong, kigoda cha mti ambacho anatembea nacho. Mchana anakikalia, akilala anakiwekea kichwa. Urefu wake ni shubiri moja, kwa hiyo ukikaa, magoti yanakuja kifuani. Wazee wakiketi kuzungumza, wanakalia hicho. Kiti cha plastiki ni cha pasta na wageni wa serikali.

Mwaka haukuwa umeisha tangu nishonwe, binti ya ndugu yangu akachumbiwa, huko Leparua. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye msemaji wa mahari. Mke wangu alipakia kiti cha plastiki kwenye gari bila kuniuliza. Nilipokaa juu yake, upande wa wakwe palikuwa na mzee mmoja mwenye meno machache na ulimi mrefu.

"Tumekuja kuongea na wazee au na chifu?" akasema. "Huyu aliye juu ni nani?"

"Mwacheni," mwingine akajibu. "Anangoja kinyozi."

Wakacheka wote, hata ndugu yangu. Nikasukuma kile kiti, nikaomba ekicholong. Mke wangu akanijia kwa nyuma.

"Mzee, daktari alisema nini?"

"Daktari haozeshi msichana hapa."

Tukaanza asubuhi jua likiwa bado dogo. Wale watu walikuwa wagumu. Walitaka kutuletea ngamia wa kuhurumiwa. Mimi nikabishana nao mmoja baada ya mwingine, na sikuwahi kuongea vizuri kama siku hiyo. Ganzi iliponiingia mguuni nikadhani ni ganzi ya kukaa. Baadaye hata ganzi yenyewe sikuisikia. Tulipokubaliana kivuli kilikuwa kimehamia upande wa pili wa boma. Wote wakainuka. Mimi nikasema nataka kufikiri kidogo.

Mke wangu akapiga magoti, akanivua kiatu, akaweka kiganja. "Huu ni mguu wa maiti," akasema polepole.

Aliyenibeba mpaka kwenye gari ni yule mkwe mwenye ulimi mrefu.

Nairobi walikuta damu imeganda ndani ya mshipa mpya. Walifungua tena, wakasafisha. Kisha daktari akaja kitandani akanieleza wazi: wataungoja mguu mpaka kesho yake, usipopata joto, utakatwa chini ya goti.

Nilimwambia mke wangu, "Nirudishe nyumbani nife na miguu miwili."

"Kufa si kazi ngumu, mzee," akasema. "Kazi ni kukalia kiti cha plastiki. Hiyo ndiyo ilikushinda."

Niligeukia ukutani. Siku ya pili mguu ukapata joto, isipokuwa vidole vitatu vilivyokuwa vyeusi kama tende. Hivyo vilikatwa.

Miaka imepita. Daktari ameniagiza kutembea kila siku: nitembee mpaka paume, nisimame, paache, niendelee. Basi natoka langoni kwangu hapa Bulla Pesa mpaka kwa kinu cha kusaga, na kurudi. Nasimama mara nne. Vidonge nameza. Wayo naukagua kwa kioo, kwa maana mwiba ukiingia sitausikia.

Lakini nisiwadanganye. Natamani ile njia. Natamani kwato za mbuzi juu ya mawe ya laga, mto wa msimu uliokauka, ule mlio kama mvua inayoanza. Natamani chai ya kopo iliyochemshwa kwa vijiti viwili. Shati langu lilikuwa linanuka beberu mpaka mke wangu akalikataza kuingia ndani. Siku hizi mashati yangu yote yananuka sabuni, na natamani kunuka. Mbuzi sasa wanakuja kwa lori. Binti yangu ndiye anayenunua, na ni mjanja kuliko mimi. Ananitumia picha kwa simu. Nazitazama sana. Lakini katika picha huwezi kujua ni yupi anayechechemea nyuma.

Kwa wanaoniuliza nilipata nini katika maisha haya, haya hapa.

Ploti moja Bulla Pesa, yenye vyumba kumi na viwili vya kupangisha na choo cha kuvuta maji.

Mbuzi themanini na wanne, wako kwa ndugu yangu Leparua.

Ngamia watatu.

Nyumba ya mawe ninamolala.

Mke mmoja.

Viti sita vya plastiki.

Mguu wa kulia, mzima.

Mguu wa kushoto, vidole viwili. Nimeushika asubuhi ya leo, una joto.