Kaburi Lilichimbwa Nikiwa Barabarani

Mume wangu Andati alifia Nairobi kwa Sylvia, mwanamke aliyemwoa wakati mimi niko huku kijijini Khayega nikimlimia shamba na kumuuguza mama yake mpaka tukamzika. Nilipokwenda kumchukua, shemeji yangu Onesmus aliniita kando pale mochari.

"Mama Wendy, wewe ndiye mke mkubwa. Panda gari pamoja na mwili. Sylvia ana mtoto mchanga, yeye nitakuja naye na ndege mpaka Kisumu."

Nilifurahi kama mjinga. Kwetu maiti ikisafirishwa, mtu wake huiambia kila mto inaouvuka, roho isije ikabaki nyuma. Nikaona nimepewa heshima yangu.

Tulipokuwa bado Naivasha, nilimuuliza dereva, Kiprono, wale wa ndege wamefika wapi.

"Hao? Wanakunywa chai Kisumu. Ndege haina Nakuru wala Kapsabet, mama. Haimalizi hata saa moja hewani. Sisi safari nzima ni karibu kilomita mia nne, na hili lori mbele halitaki kutupisha."

"Wacha watangulie. Mwenyewe ninaye hapa."

Kila daraja tulisimama, nikaweka mkono juu ya jeneza. "Andati, tunavuka mto. Twende nyumbani, ukalale mlangoni kwangu." Mume huzikwa mbele ya nyumba ya mke mkubwa, na mahali alipolala mumeo hakuna wa kukufukuza. Nilitaka hilo tu. Nyumba yangu ni ya udongo. Ng'ambo ya uwanja iko ya matofali aliyojengewa Sylvia, na hajawahi kulala humo.

Tulivuka mto Yala jua likishuka. Kuingia nyumbani, nikaona udongo mwekundu umerundikwa mbele ya ile ya matofali. Sylvia alikuwa ameketi kando yake, mtoto kifuani. Vijana waliochimba walikuwa wananawa.

"Onesmus, nani alionyesha mahali?"

"Wazee waliuliza, shemeji, na mke aliyekuwa hapa akaonyesha. Wewe ulikuwa bado njiani."

"Fukieni. Mchimbe kwangu."

"Unajua kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu. Ama unataka tumtafute nani wa kulala humo?"

Wazee ambao wamekunywa chai yangu miaka yote waliangalia viatu vyao. Kutwa nzima nilikuwa nimeshika mila, sasa ningeikataaje jioni?

Wakashusha jeneza.

"Umemleta vizuri, shemeji," Onesmus akasema. "Mwambie basi amefika."

"Mwambieni nyinyi. Mimi nilimwambia anakuja kwangu."

Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Nyimbo nilizisikia kutoka ng'ambo.

Sylvia alirudi Nairobi na ndege, kama alivyokuja. Juzi mvua ilianza, nikatoa jembe nipande mahindi yangu. Onesmus akanikuta shambani, akaniambia nimpigie Sylvia simu kwanza, nimuulize kama naweza kupanda, maana kaburi liko kwake.