Nilichelewa Kumwosha Mdogo Wangu

Mwaka ule nyanya mbichi zilipoadimika madukani, nasi wa Kings Heath huku ughaibuni tukawa tunapika mchuzi kwa nyanya za kopo, ndio mwaka mdogo wangu alipougua huko Sheffield. Tumbo moja, mimi wa kwanza, yeye wa mwisho. Alikuwa ameniusia zamani: "Nikifa unioshe wewe, dada. Sitaki mikono ya watu baki." Nikamwahidi.

Jumatano asubuhi binti yake akapiga simu. "Mama mkubwa, njoo. Mama anakuulizia wewe tu."

Mjukuu wangu yuko chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wetu, na gari anaendesha mwenyewe. Najivunia na sioni haya. Akaja mbio, funguo mkononi, akanisemesha Kiingereza chake: kesho theluji, Bibi, barabara zitafungwa, twende sasa hivi.

Nikamwambia asubiri. Mchele wa mkate wa kumimina ndio kwanza nimeuloweka, na lazima ulale kwenye maji. Sisi hatuendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Lakini ngoja niseme kweli. Mdogo wangu hata maji yalikuwa hayapiti kooni. Mkate ule ulikuwa wa mawifi zake, wasije wakasema dada mtu kaja anapunga mikono.

"Nani atakula?" mjukuu akauliza, na hilo alilisema kwa Kiswahili.

"Wewe adabu umeijulia wapi? Kaa chini."

Alhamisi mkate ukaiva, umeumuka vizuri kabisa. Nje, gari limefukiwa mpaka vioo. Mabasi hakuna. Tukatembea hadi mjini, mimi na magoti yangu haya, tukapata treni. Ikafika Derby, nusu ya njia, ikagoma. Tumekaa pale kwenye benchi, mkate mapajani, simu ikalia. Mdogo wangu kafa.

Tulifika Ijumaa. Walikuwa wameshamwosha, wanawake wa msikitini nisiowajua, wameshamvika sanda. Nikafunuliwa uso tu.

Nyumba nzima ikanionea huruma. "Maskini, theluji imemtesa!" Mawifi wakanivua koti, wakaupokea mkate, wakausifu, wakaukata. Nikaiacha theluji inibebee dhambi yangu siku mbili, nakula, nasalimiwa, napewa pole.

Jumapili, hitima ilipokwisha, nikamvuta binti wa marehemu jikoni, nikamweleza yote. Gari lililokuwa mlangoni. Barabara iliyokuwa kavu. Mchele.

Akaziba masikio. "Mama mkubwa, usinipe hayo, sina pa kuyaweka. Sema ilikuwa theluji."

"Sisemi ilikuwa theluji."

Akanishika mabega, machozi yanamtiririka. "Basi kwa ajili yangu. Sema tu, yaishe."

"Sisemi ilikuwa theluji."