Wa Mwisho Kwenye Kikombe

Mwaka wa 1988 Jumwa alirudi Chaani akiwa amepona kifua kikuu, na barua ya daktari mkononi, ila mavyaa yake, Mbeyu, hakujua kusoma wala hakutaka kusomewa.

"Kwangu huingii," alimwambia mlangoni.

Mwarandu, mumewe, alisimama nyuma ya mamake akitazama vidole vya miguu yake. Mpakuzi wa bandarini, gunia zima la sukari analirusha begani, na mbele ya mamake hana mdomo! Jumwa akaenda kukaa kwa Mwanatatu, mjane muuza mbaazi, ambaye peke yake alikubali kumpokea.

Hapo hofu ikaanza kumla. Watu wakimkwepa bombani aliumia, lakini akibaki peke yake aliwaza: na kama wana haki? Kama daktari amekosea? Akikohoa kwa vumbi tu la barabarani, moyo ulimdunda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kanisani alikaa benchi la nyuma. Washirika walipokwenda kupiga magoti na kunywa divai katika kikombe kimoja, yeye hakuthubutu. Nani angeweka mdomo alipoweka yeye? Mwaka mzima aliomba maneno yale yale: "Bwana, nirudishe mezani pako, lakini nisimdhuru mtu."

Mwishowe akapata hila. Atakuwa wa mwisho! Jumapili moja alingoja hadi wote wamerudi kuketi, akaenda, akapiga magoti, akanywa. Akashusha pumzi. Jambo moja alilisahau, na mtu aliyekulia kanisani hana udhuru wa kulisahau: divai inayobaki huimaliza padre.

Padre Katana akakiinua kikombe.

"Usinywe, Padre!" Jumwa alipiga ukelele. "Nitakuua!"

Padre akasita, kikombe ki kidevuni. Jumwa akajua amejimaliza kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya Chaani nzima, na akaona aibu hata akashindwa kuinuka.

Kwenye mabenchi ya mbele mtu akajikokota kusimama. Alikuwa Mbeyu. Tangu amfukuze mkamwana wake, naye pia hakuwa amekwenda mezani, dhamiri ilimkataza.

"Niachie mimi, Padre. Bado sijanywa."

Akapiga magoti ubavuni mwa Jumwa. Padre alipotaka kukifuta kikombe, bibi yule alimshika mkono, akanywa pale pale. Jumwa alifumba macho, akisikiliza kama mavyaa yake atakohoa. Hakukohoa.

"Mimi nilikuogopa wewe," Mbeyu akamnong'oneza. "Kumbe wewe watuogopea sisi. Nisamehe, mwanangu. Inuka twende. Nyumba haijafagiwa."