Mtama Uliofunga Mtandao

Mwaka jana, kila Jumapili baada ya kanisa, jirani yangu Selina alikuwa anapanda jabali lililo nyuma ya nyumba yake, simu mkononi, kanga ameifunga kiunoni. Wapita njia walimwona kule juu akipunga mikono peke yake kama anayefukuza nyuki, wakasema Mama Ritha amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Alikuwa anazungumza na mwanawe.

Ritha ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimpata kabla hajaanza kutembea. Mtoto alipona, masikio hayakupona. Siku hizi ni fundi cherehani Arusha, ameolewa na Enock, seremala, kiziwi mwenzake. Ukimpigia simu ya kawaida atahisi inatetemeka, basi. Mpaka aone mikono yako.

Wako watu wenye ushauri mwingi. "Si mwandikiane meseji?" Selina aliishia darasa la nne. Mimi nilimaliza la saba, na bado naandika kama ninayepalilia shamba la mawe. Na hata angejua kuandika, lugha yake na Ritha haiandikiki. Waliitunga wenyewe jikoni, kabla mtoto hajapelekwa shule ya viziwi. Chumvi ni vidole viwili kwenye ulimi. Marehemu baba yake Calist ni kushika ukingo wa kofia. Mimi je? Mimi ni vidole vinavyofunguka na kujifunga harakaharaka, kama mdomo wa kuku anayedonoa. Siku niliyoambiwa kwamba ndilo jina langu nilinuna, halafu nikafungua mdomo kulalamika, wakacheka wote wawili.

Kitongoji chetu kiko nyuma ya kijiji cha Ulemo, bondeni, majabali yamekizunguka. Kwetu simu ya sauti inashika, ya picha haishiki. Ulemo penyewe mtandao upo. Selina alikwenda mara moja, akakaa kwenye benchi la duka, akapiga simu ya picha. Watoto wakajaa wakimwiga, na wakubwa nao wakasimama kuangalia kama mnadani. Alirudi akasema, "Siendi tena kumwanika mwanangu sokoni." Ndipo akaanza kupanda jabali. Kule juu picha ilikuja kwa kusuasua, lakini ilikuja. Mpaka siku alipoteleza. Goti likavimba, likapungua, halikurudi kama zamani.

Ritha akatuma picha, kiganja juu ya tumbo ambalo bado halijaonekana. Mimba ya kwanza. Selina akauza alizeti yake yote, akasema anataka mtandao uletwe nyumbani kwake kama watu wa mjini. Nikamwambia, "Mama Ritha, wewe huna hata bati." Akasema, "Bati litasubiri. Tumbo halisubiri."

Fundi alitoka Singida mjini, kijana wa wenye maduka, Abdulrazaki. Adabu anayo. Aliamkia shikamoo mpaka bibi kizee aliyepita njiani na kuni. Alipanda juu ya tembe ya Selina kwa woga, maana hajazoea paa la udongo, akafumba jicho moja. Akatueleza kwamba sahani ya kunasa mtandao atakayoifunga lazima ionane na mnara ulioko ng'ambo, uso kwa uso, kisijitie kitu katikati. Majabali yameziba kila upande, isipokuwa mahali pamoja, kwenye uwazi kati ya majabali mawili makubwa.

"Mama, pale katikati pana nini?" aliuliza.

"Hapana kitu, baba," Selina akajibu. "Shamba tu."

"Kama ni shamba tu, safi kabisa."

Nilikuwepo, nimeshika ngazi. Hakuna aliyedanganya. Ilikuwa Septemba, pale palikuwa na vumbi na visiki vya mabua, na mbuzi wa Marko, shemeji yake Selina, wanazurura. Kwetu sisi Septemba shamba ni hakuna kitu. Na kwa mtu wa mjini shamba ni mahali ambapo hapajajengwa. Tukaelewana vizuri sana, kila mtu na lake kichwani.

Akafunga sahani yake kwenye mti mfupi aliousimika juu ya tembe, akashusha waya ndani, akaweka kisanduku chenye taa karibu na betri ya sola. Jioni ile ile Ritha akatokea kwenye simu, mzima mzima, kila kidole kinaonekana. Selina aliketi kwenye kigoda chake mwenyewe, mlango umefungwa, hakuna wa kumkodolea macho isipokuwa mimi. Walizungumza mpaka ugali ukaungua. Sikuwa nimemwona Selina akipumzika namna ile tangu tumzike Calist.

Mvua ikaja, tukalima. Ule uwazi kati ya majabali ndio udongo wake bora, maana maji yanateremka kutoka pande zote mbili na kutulia pale. Akapanda mtama, ule wetu mrefu wa kienyeji, kama mama mkwe wake alivyokuwa akipanda. Nani angefikiria? Mtu anapanda chakula, hapimi kama kitamziba macho.

Ilipofika Machi picha ikaanza kukatika. Kwanza uso wa Ritha ulivunjika vipande. Halafu ukawa unasimama, unaruka. Kwa anayesikia si shida kubwa, sauti inaendelea. Kwa kiziwi, mkono ukisimama neno limekatika. Tukapiga simu kwa kampuni. Dada wa huko akatuambia tuzime, tusubiri, tuwashe. Tumezima na kuwasha mpaka mimi mwenyewe nikaona nazimika.

Jumapili moja Ritha alitokea tumbo likiwa limeshuka. Aliweka kiganja juu ya tumbo, akainua mkono wa pili, akainua na nyusi. Kwao nyusi zikipanda ni swali. Kisha akaganda. Mkono uko hewani, macho yametutazama, hauendi mbele, haurudi. Selina akamwashiria, "Sema, sema." Picha ikazimika.

Tuliingojea siku zilizofuata, haikurudi. Selina akanituma nimpigie mwenye nyumba wa Ritha kule Arusha, mama mmoja mkarimu. Akasema, "Mzima kabisa, anakula, msiwe na wasiwasi."

Selina akanitazama. "Hakuniuliza kama ni mzima. Kuna kitu ameniuliza, na anangoja."

"Labda ni jambo dogo."

"Umeona macho yake?"

Niliyaona.

Marko, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja na mlingoti wa mkaratusi, akasema dawa ni kuinua sahani juu zaidi. Akaufunga juu ya tembe. Upepo wa huku mnaujua. Mchana ule ule ulikuja ukaulaza mlingoti chini pamoja na kipande cha paa, udongo ukatujaa kwenye mboga. Sahani ilisalimika, tukairudisha kwenye mti wake wa zamani, ikatazama uwazi ule ule. Ndipo tukampigia Abdulrazaki.

"Mama, huko mbele hakuna kitu kimeota?" akauliza.

Selina akageuka taratibu, akatazama kati ya majabali. Mtama umesimama pale kama ukuta, masuke yamechomoza.

"Mtama," akasema.

"Mrefu?"

Nikamnyang'anya simu. "Mrefu kunishinda mimi nikikubeba wewe mabegani!"

"Basi ndio huo, mama yangu. Hapo hakuna fundi. Subirini mvune, mtandao utarudi wenyewe."

Kuvuna ni Juni. Ritha alikuwa wa kujifungua wakati wowote. Korongo la kwenda Ulemo limejaa, na goti lile halivuki maji wala halipandi jabali. Selina aliichukua simu yake, akaitia kifuani, akakaa. Sikumshauri kitu. Mtama ule ndio chakula chake cha mwaka, punje zilikuwa bado maziwa, na alizeti alikwisha kuiuza. Mtu hashauriwi kukata chakula chake.

Asubuhi nikasikia panga. Nikachukua langu nikamfuata. Hatukusalimiana sana.

Mtama mbichi ni mzito. Bua limejaa maji, panga linateleza, majani yanachana mikono kama wembe, na unga wa maua unawasha shingoni. Nimevuna miaka yote, uchovu wa kuvuna naujua, una kitu mwisho wake. Huu ulikuwa uchovu mtupu. Unakata, unaangusha, unakanyaga chakula.

Marko akapita na mbuzi wake, akashika kiuno. "Shemeji! Umekuwa nzige? Watu wanaomba Mungu mtama ukomae, wewe unaufyeka ili muangaliane kwenye simu?"

Selina hakuinua kichwa. Nikainua mimi.

"Baba Yeremia, watoto wako wako hapo Kiomboi, masikio wanayo yote. Mara ya mwisho umezungumza nao lini?"

"Nimeuliza tu, Mama Severina."

"Basi uliza huku unakata. Na hao mbuzi waondoe, mtama mbichi una sumu, utawaua."

Akaondoa mbuzi. Akarudi na mundu, akakata upande wa jabali la kushoto. Hilo namwandikia kama sifa, kwa sababu sina nyingine ya kumwandikia.

Tulipomaliza palikuwa na njia pana ya kupita lori, kuanzia kwenye tembe mpaka kwenye mbingu ya ng'ambo. Mabua yamelala pande zote. Selina alinawa mikono, maji yakawa mekundu kidogo. Tukaingia ndani, akabonyeza.

Ritha alitokea mara moja. Mzima, amevimba uso, bado na tumbo lake. Hakuuliza mlikuwa wapi. Aliweka kiganja juu ya tumbo, akainua mkono wa pili, nyusi zikapanda, na safari hii mkono ukaendelea. Vidole vikashuka kutoka machoni kama machozi, mdomo akaufungua, kisha akajigusa sikio na kutikisa kichwa.

Mtoto akilia usiku, mimi nitajuaje?

Enock naye alisimama nyuma yake, anatazama. Wazazi wawili, masikio hakuna. Na ndilo swali walilokaa nalo muda wote ule.

Selina akainua mikono. Vidole vilikuwa vimevimba na kuchanika, havikunjiki. Akaweka kiganja kifuani pake, akakitetemesha. Akafanya kama anayelaza mtoto, mkono wake juu ya kifua cha mtoto, akafumba macho, akalala. Kisha kifua kikatetemeka, akaamka. Akarudia. Halafu akamwonyesha Ritha mwenyewe alipokuwa mdogo, alivyokuwa akilala mkono wake umeshika koo la mama, ili ajue mama anapoimba. Kilio kinatikisa. Mkono utasikia.

Ritha akajaribu, kiganja kwenye kifua cha Enock. Enock akatoa sauti sijui ya namna gani, mbaya, sisi tukaisikia na wao hawakuisikia. Ritha akafumbua macho, akacheka, akalia.

Kisha akasogeza uso karibu. Akauliza, mama, mikono yako leo mbona inasema polepole? Imekuwaje? Selina akaificha chini ya kanga. Akaitoa tena, maana hana mdomo mwingine kwa mwanawe. Akasema nilikuwa nakata mtama. Ritha akauliza, mtama, sasa hivi? Selina akaitikia kwa kichwa tu.

Ritha akanitafuta kwa macho nyuma ya mama yake, akanipigia vile vidole vya kuku. Na huyu, mbona leo amenyamaza?

Nikataka kumjibu. Mikono yangu nayo ilikuwa imechanwa na mtama, haikuinuka.